Himalayan 411 au V-Strom 650 mtumba? Kwa anayetaka kusafiri mbali, sio kuzunguka mjini

Wakuu, hili swali linarudi kila mtu akishachoka na pikipiki ya mjini na kuanza kuota safari za mbali, achukue Royal Enfield Himalayan au atafute Suzuki V-Strom 650 mtumba. Bei zake huku kwetu mara nyingi zinagongana, yaani hela ya Himalayan iliyotumika kidogo ndo hela ya V-Strom iliyotumika sana, na zote ni za safari, zote zina kioo mbele na sehemu za kufungia mizigo, kwa hiyo mtu anaishia kulinganisha hosipawa basi kamaliza. Mi napima kwa njia ya Dar kwenda Mbeya kwa sababu ile njia ina kila kitu: joto la Chalinze, upepo wa masemi, wanyama Mikumi, mlima Kitonga, baridi la Makambako, na ukitaka vumbi au tope unakata kona tu unalikuta.

Jibu natoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kama unabeba mtu nyuma na huna mpango wa kutoka kwenye lami, chukua V-Strom. Kama unatembea peke yako na unapenda kuingia ndani ndani huko vijijini, chukua Himalayan. Ila sababu sio zile wauzaji wanazozitaja, na hapo ndo nataka tukae.

Namba kwanza, tuziweke pembeni:

Himalayan 411 (2016 hadi 2023): silinda moja, cc 411, inapozwa kwa hewa na oili, hp 24 na ushee, torki Nm 32, gia 5, tenki lita 15, kiti mm 800, tairi mbele inchi 21 nyuma 17, zote za tyubu.

V-Strom 650 (kuanzia 2004): silinda mbili za mkao wa V, cc 645, ya maji na radieta, hp 69 hivi, torki Nm 60, gia 6, tenki lita 22 zile za zamani na lita 20 kuanzia 2012, kiti mm 835 kwa hizo za 2012, tairi mbele inchi 19 nyuma 17, tyubulesi.

Sasa angalia uzito. Himalayan na mafuta yake inakaribia kilo 195, V-Strom ya 2012 ni 214. Tofauti kama kilo ishirini tu! Watu wengi wanadhani Himalayan ni nyepesi kama zile Honda XL za mabwana shamba, hapana, ni chuma kizito chenye injini ndogo. Kinachoiokoa ni kwamba uzito wake umekaa chini na kiti ni kifupi, hata mtu wa urefu wa kawaida anakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili. V-Strom uzito uko juu, na ukiwa na fultenki ikainama kidogo pale sheli wakati unageuza, utajua mwenyewe.

Lami

Kwenye lami tupu hakuna ubishi. V-Strom gia ya sita, 110, injini inazunguka taratibu kabisa na bado ukiminya inachanganya. Himalayan raha yake iko kati ya 80 na 95, hapo unakaa kutwa nzima na mgongo hauumi, ukiipeleka 110 inafika ila mikono inaanza kufa ganzi na unaisikia kabisa kwamba inalazimishwa.

Lakini hebu piga hesabu ya kweli. Dar Mbeya ni kilomita kama 830. Kila kijiji kina kibao cha 50, kuna matuta, kuna rasta, trafiki na tochi yao wamekaa kivulini, halafu Mikumi una kama kilomita 50 ndani ya hifadhi na bango la faini ya kila mnyama limewekwa pale ulisome vizuri, twiga sio bei ya swala. Kwa hiyo yule wa V-Strom aliyekupita Mdaula kama mshale, mtakutana naye Ilula anakunywa chai, labda ameshamaliza kikombe cha kwanza. Spidi ya juu kwa barabara zetu ni kitu unacholipia halafu unakitumia robo tu.

Hosipawa zinakolipa ni kwenye kuovateki. Ile barabara ni ya masemi ya Tunduma, yanapeleka mizigo Zambia na Kongo yanarudi na shaba, na pale Kitonga semi iliyojaa inapanda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Ukiwa na Himalayan unapanga kama unavuka mto: unashuka gia mapema, unaacha nafasi nyuma ya lori ili upate pa kuchukulia mwendo, unachungulia, kona inakuja, unarudi, unasubiri tena. V-Strom unaona nafasi, unaminya, umeshapita. Kwa usalama hii naipa uzito mkubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye lami, maana muda unaokaa upande usio wako ndo muda unaoweza kugongwa.

Af kuna jambo la mwinuko ambalo watu hawalihesabu. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Njombe iko karibu mita 2,000. Zile hp 24 za Himalayan ukifika kule zimebaki 19 au 20, na bado una begi mbili na upepo wa mbele. V-Strom nayo inapungua hivo hivo ila inapungua kutoka 69, inabaki na 55, we hutajua hata kama imepungua.

Kitu kibaya cha V-Strom kwenye lami ni kioo. Kile kioo chake cha kiwandani kinarusha upepo moja kwa moja kwenye helmeti, kichwa kinatikiswa kama mtu anakupiga makofi madogo madogo, ukitoka hapo umechoka na masikio yanapiga kelele. Hii inajulikana dunia nzima kwa wenye hizi pikipiki, wengine wanaweka kioo kirefu zaidi, wengine wanaking'oa kabisa. Jaribu kwanza kubadilisha matundu ya kufungia, zile za 2012 zina nafasi tatu, kabla hujaanza kuagiza kioo nje.

Breki fupi tu: V-Strom ina diski mbili mbele, Himalayan ina moja na watu wengi wanailalamikia kuwa laini. Ukishuka Kitonga na mzigo, Himalayan unatumia gia kushika, usining'inie kwenye breki.

Mafuta

Hapa zinalingana kwa namna ya kuchekesha. Himalayan ukienda kistaarabu inakwenda kilomita 30 kwa lita, mara lita 15, inafika 400 na zaidi. V-Strom inakwenda 20 mpaka 22 kwa lita, mara lita 20, nayo 400. Wote mnajaza Moro na mnafika Iringa bila wasiwasi. Tofauti iko mfukoni: Dar Iringa ni kama kilomita 500, Himalayan inakunywa lita 17, V-Strom 24. Kwa safari moja sio kitu, kwa mtu anayetoka kila mwisho wa mwezi ni hela ya tairi kwa mwaka.

Na wese lenyewe. Ukiingia ndani kuna mahali sheli hamna, unauziwa kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya meza. Himalayan mgandamizo wake ni 9.5 kwa 1, injini ya upole, inakunywa hayo mafuta inaendelea. V-Strom iko juu ya 11, mafuta mabovu ukiipandisha mlima kwa gia kubwa unasikia kokoto ndani, shusha gia usiilazimishe. Ukiacha Himalayan za mwanzo kabisa za kabureta, zote ni injekta, kwa hiyo chuja na kitambaa safi kabla ya kumimina, maji kwenye pampu ya mafuta huko porini ni kilio.

Ukiacha lami

Makambako unakata kushoto, Njombe, Makete, halafu unatafuta njia ya Kitulo, ile hifadhi ya maua ambayo watu wa kule wanaiita Bustani ya Mungu. Kiangazi ni vumbi na makorongo, masika ni tope jekundu linaloganda kwenye magadi mpaka tairi linakataa kuzunguka. Hapa ndo ile namba ya 21 mbele inaanza kuongea. Tairi kubwa jembamba linapanda juu ya jiwe na kuvuka korongo, la inchi 19 lenye upana wa 110 linaingia ndani ya korongo halafu linataka kukaa huko huko. V-Strom inapita, nisiseme uongo, kuna watu wanazunguka dunia nazo, ila inapita ikiwa dereva anajua anachofanya na haogopi kuikwaruza.

Chini ya injini Himalayan imekuja na bamba la chuma toka kiwandani. V-Strom haina la maana, na ukilala chini uangalie mbele ya injini utaona filta ya oili na bomba la egzosi vimekaa pale pale jiwe linaporuka. Ukinunua V-Strom na una mawazo ya vumbi, bamba la chini ndo kitu cha kwanza kuweka, kabla ya begi, kabla ya taa za urembo. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea la alumini nene, mwambie tu aache tundu la kumwagia oili.

ABS nayo, ule mfumo unaozuia tairi lisigande ukishika breki. Kwenye mteremko wa vumbi ABS inaachia breki ya nyuma na pikipiki inaendelea kushuka tu kama haijakusikia. Himalayan za mwisho zina swichi ya kuzima ABS ya nyuma, V-Strom hamna swichi, watu wanachomoa fyuzi. Ukichomoa kumbuka kurudisha ukifika lami.

Na kuanguka utaanguka, hilo tukubaliane. Himalayan ikilala ina zile bomba pembeni ya tenki, unainyanyua, unang'uta vumbi, indiketa imekatika, twende. V-Strom ina plastiki pembeni kote, kila kipande kina bei, na vile vibanio vya plastiki kikikatika kimoja kava lote linaanza kugongagonga mpaka Mbeya.

Pancha

Kama ningeambiwa nichague sababu moja tu ya kununua moja na kuacha nyingine ningechagua hii, kwa sababu injini itakufa mara chache sana ila pancha utapata.

V-Strom, tyubulesi. Msumari umeingia, unazungusha tairi mpaka uuone, unaweka alama, unauchomoa, unapitisha ule msumeno wa duara wa kusafishia tundu juu chini juu chini, unapaka gundi, unachomeka uzi wa kuzibia umepinda kati, unavuta kidogo, unakata mkia. Unajaza upepo kwa kipampu cha betri. Kama una mkono mwepesi ni dakika kumi na tano, na tairi hujalitoa.

Himalayan, tyubu. Unaiweka kwenye stendi ya kati, afadhali ipo, unafungua ekseli, unatoa tairi, unatoa upepo wote, halafu lile tairi lazima uliachanishe na rimu, na hapo kama hujawahi kufanya utalia. Fundi wa pancha wa barabarani anajua sana hii kazi kwa boda, ila angalia mikono yake wakati wa kurudisha: akiingiza jembe, kile chuma cha kubandulia tairi, kwa pupa anang'ata tyubu mpya ile ile, unaondoka umefurahi, kilomita kumi mbele limelala tena. Mwambie aitie tyubu upepo kidogo kabla ya kuipachika ili isijikunje, apake maji ya sabuni kwenye ukingo wa tairi, na sehemu ya mwisho kuingiza iwe pale kwenye valvu, ukingo wa upande wa pili awe ameukanyagia chini katikati ya rimu. Akikuangalia vibaya mpe jembe lako ufanye mwenyewe.

Mpaka hapo unaona V-Strom imeshinda. Subiri. Rimu ya V-Strom ni ya kumimina, ukiipiga kwenye jiwe au shimo la Igawa inajikunja ukingo au inapasuka, na ikijikunja tyubulesi haishiki upepo, hapo uzi na gundi havikusaidii kitu. Rimu ya Himalayan ni ya spoku, inapokea kipigo, ikipinda unaigonga na nyundo na gogo, tyubu ndani haijali. Na tyubu ya inchi 21 inapatikana mpaka wilayani, kwa sababu pikipiki za mashirika na za mabwana shamba, DT, XL, mbele ni 21 miaka yote. Nyuma ni 17 kama boda, tyubu ya Boxer ukiibana ndani itakutoa porini mpaka mjini, mwendo wa taratibu, isiwe ya kusafiria.

Tairi lenyewe ni hadithi nyingine. 90/90-21 na 120/90-17 unaweza kuokota cha kufanania. 150/70-17 ya nyuma ya V-Strom huipati Makete, huipati Njombe, na hata Dar unaulizia kabla. Kwa hiyo pancha ndogo V-Strom inashinda, tairi likichanika au rimu ikivunjika Himalayan inashinda, na ukiwa lami pancha nyingi ni ndogo, ukiwa porini ni zile kubwa.

Gereji na matunzo

Himalayan 411 fundi wa boda mwenye akili anaifungua. Tapeti zake, yaani zile nafasi za valvu, ni zile za skrubu na nati, unafungua kava, unaweka feela ya kupimia, unakaza, unafunga, ni kazi ya asubuhi moja hata wewe nyumbani na kitabu chake. Ea filta iko kwenye kava la pembeni. Ukiwa na spana za kawaida na bisibisi umemaliza.

V-Strom tapeti zinapimwa kila kilomita 24,000, na hiyo ni sifa kubwa, muda mrefu sana. Ila zikifika zinatumia visahani vya kurekebishia nafasi (shim), na kubadilisha kisahani lazima ushushe kamshafti, na ili ufike huko unatoa tenki, unasogeza radieta, unatoa plastiki. Hii sio kazi ya chini ya mwembe. Ea filta iko chini ya tenki, na ukipita vumbi la wiki nzima lazima uifikie. Plagi za silinda ya mbele ziko nyuma ya radieta, na zile za 2007 kuja juu zina plagi mbili kila silinda, jumla nne. Halafu kuna kitundu cha kutolea maji kwenye shimo la plagi ya mbele, tope likikiziba mvua ikinyesha maji yanajaa pale na pikipiki inaanza kukatakata kama inaishiwa mafuta, watu wanabadilisha pampu bure kumbe ni kitundu. Chomeka waya mwembamba pale kila ukiosha.

Upande wa Himalayan ugonjwa wake unaojulikana ni beringi za shingo. Zinakula mapema, hasa za miaka ya mwanzo, unasikia usukani unagota ukiwa katikati. Weka za koni, zile taper, grisi nyingi, unasahau. Na zile za 2016 za kabureta za mwanzo kabisa zilikuwa na malalamiko mengi mpaka ya chesisi, ukikutana nayo pita mbali, tafuta ya injekta.

Oili zote mbili ni ya pikipiki yenye alama ya JASO MA2 kwenye kopo, sio ya gari. Ya gari ina kilainishi kinachofanya klachi iteleze, utaona rpm inapanda na mwendo haupandi pale pale Kitonga. Himalayan inataka 15W-50, V-Strom 10W-40. Kwa Himalayan hiyo oili ndo kipoozeo cha injini pia, kwa hiyo usichelewe kumwaga, wengi wa huku wanamwaga kila 5,000 bila kujali kitabu kinasemaje, na mi nawaunga mkono, joto letu na vumbi letu sio la kwenye kitabu. Oili feki zipo kibao, nunua mahali wanapokupa risiti.

Cheni. Zote zina cheni zenye ringi za mpira ndani, na huku tuna ile tabia ya boda ya kumwagia oili chafu iliyotoka kwenye injini. Usifanye. Ina vumbi la chuma na inavuta mchanga. Wala usioshe na petroli, petroli inakausha zile ringi na cheni inakufa kutokea ndani. Mafuta ya taa na brashi laini, futa na tambara, subiri ikauke, halafu paka oili nzito ya giaboksi, namba 90, tone tone upande wa ndani huku unazungusha tairi, futa ya ziada. Kila kilomita 500 na kila ukitoka kwenye mvua. Ulegevu wa V-Strom ni milimita 20 hadi 30, pima ukiwa umeiegesha kwenye stendi ya pembeni, na usikaze sana kwa sababu ukipakia mtu na mizigo shokapu inashuka na cheni inakazika zaidi, ikikosa pa kwenda inakula beringi ya shafti ya giaboksi.

Ukiwa na mtu nyuma

Hii nimeiacha nyuma lakini kwa wengi ndo inayoamua. Himalayan na mama watoto nyuma na begi mbili pembeni inafika, ila kila mlima ni gia ya tatu, na kuovateki kule nilikosema kunakuwa kugumu mara mbili. Kiti chake cha nyuma kigumu, baada ya Moro ataanza kukuuliza maswali. V-Strom kiti kipana, kirefu, miguu ya abiria haijakunjwa sana, injini haioni tofauti. Kaza tu springi ya nyuma, ina kitasa cha kuzungusha kwa mkono, sio lazima spana.

Na nyingine je? Himalayan 450 iliyotoka mwishoni mwa 2023 imeshaziba shimo kubwa la nguvu, hp 40, gia sita, tenki lita 17, ila ni ya radieta sasa na ina umeme mwingi, ule urahisi wa 411 wa kufunguliwa na fundi yeyote umepungua, na bei yake inatoka nje ya hili swali. Honda Africa Twin ya cc 1000 tamu sana, na BMW 1200GS shafti yake hutagusa cheni maisha yako, ila hizo mtu anayeuliza bei ya mtumba hatutamsaidia kwa kumtajia. Na wanaosema Boxer 150 nayo inafika Mbeya, ni kweli inafika, spea iko kila kona, hp 12 zinatosha kwa asiye na haraka, tatizo ni kwamba masemi yanakuovateki wewe, na hiyo upande wa kulia unayasikia yanapumua kabisa.

Ukienda kuiona

Himalayan: iweke stendi ya kati, mtu akalie nyuma tairi la mbele liinuke, zungusha usukani taratibu kwa kidole. Ukisikia kigoto katikati, beringi zimekwisha, hela yake unaitoa kwenye bei. Kagua spoku kwa kuzigonga na bisibisi, zote zilie sauti moja, inayolia kama kopo imelegea. Angalia ndani ya kava la ea filta kama kuna vumbi jekundu upande wa ndani, ukiliona usiulize mengine ondoka, injini imeshakunywa mchanga.

V-Strom: nenda na mita ya umeme. Washa, peleka rpm 5,000, pima kwenye betri, inatakiwa 13.5 hadi 14.8 hivi. Ikiwa 12 na kitu, regyuleta au koili ya chaji imekufa, na ugonjwa huo kwa hizi pikipiki za umri huu ni wa kawaida, inawezekana kuutibu ila isiwe njiani usiku Mafinga. Uliza kama tapeti zilishapimwa; ikiwa imeshapita 24,000 na mwenyewe anakutolea macho, jua hiyo gharama ni yako. Lala chini uone filta ya oili na bomba la mbele vimekwaruzwa kiasi gani. Namba ya chesisi ilingane na kadi, hata kama muuzaji ni ndugu yako, na kama una mpango wa kuvuka Tunduma au Kasumulu uulizie mapema Kadi ya Njano kwa watu wa bima maana ya ndani haifanyi kazi ng'ambo.

Tairi soma zile namba nne kwenye kijiduara pembeni, 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Muuzaji atakwambia kashata bado zipo, na kweli zipo kwa sababu pikipiki ilikaa gereji miaka mitano, lakini mpira umeshakuwa mgumu na mvua ya Kitonga itakuonyesha. Toa bei ya jozi mpya kwenye hela yake, na kama ni V-Strom agiza lile la nyuma wiki hiyo hiyo kabla hujaanza kupanga tarehe ya safari.